Aliyevutwa Nyuma ya Kochi

Kamba ile haikuwa imewahi kuona maji, hata ya mvua. Ilinunuliwa dukani, ikaletwa nyumbani ndani ya mfuko wake, na tangu hapo ilikuwa ikirushwa sebuleni tu, na watu wazima wenye akili zao. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alipoiokota asubuhi ili apate kufagia, akakuta imelowa chepechepe na inanuka kama sweta la sufu lililosahauliwa kwenye beseni, alichofikiri kwanza ni kwamba kuna mtu kamwaga ndoo ya kupigia deki. Aliuliza. Hakuna aliyemwaga kitu. Akaikamua kwenye sinki, akaianika juu ya hita, akaendelea kufagia.

Watu walimwita Fundi Miwani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyomlisha: kusaga vioo, kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta, kuwaambia wateja warudi kesho. Hakuwa mtu wa kuona vitu visivyokuwepo. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, lakini marafiki zake walimbandika jina la Nahodha tangu aliposhirikiana nao kununua mashua ndogo ya tanga, na jina hilo likamvimbisha kichwa. Mtu anayeshinda ndani ya shimo la lifti akining'inia kwenye nyaya anaweza kusamehewa akitamani mahali pasipo na kuta. Ila Nahodha hakutamani bahari ya kawaida, ya jua na suruali fupi. Alitaka kwenda visiwani katikati ya msimu wa baridi, wakati kila mwenye akili timamu yuko ndani amejifunika gubigubi, kwa sababu, alisema, wakati huo visiwa havina watu na nanga unatupa popote roho inapopenda.

Wenzake kwenye wazimu huo walikuwa wawili. Kinyozi, mtu wa maneno mengi, hakujua kuogelea na hakuona kama hilo ni tatizo. Mwalimu, mwanamke aliyefundisha jiografia, aliamini kwamba hakuna ajali duniani, kuna watu wasiojipanga. Jumamosi zote walikuwa wanakutana sebuleni kwa Fundi Miwani kupanga safari, na kumaliza sukari yake.

Ni Mwalimu aliyeleta wazo la kuichora mashua sakafuni. Mashua ni ndogo, alisema, na watu wakibanana bila mazoea hugombana kabla nchi kavu haijapotea machoni. Dawa yake ni kuizoea nyumbani. Wakavingirisha zulia, wakapima, wakabandika selotepu ya manjano kufuata umbo lake halisi, saizi ile ile: hapa usukani, hapa jiko, hapa vitanda vya pembeni. Kochi likawa ukingo wa mashua, na ile nafasi nyembamba kati ya kochi na dirisha, kulikokaa vumbi na kalamu zilizopotea, ndiyo ikawa bahari. Kasoro ilikuwa kwamba mashua ilikuwa ndefu kuliko sebule. Tezi, yaani nyuma yake, ilikaa vizuri karibu na mlango wa mbele, ila omo, yaani mbele yake, ilipenya hadi chumba cha mtoto, na kitanda cha omo, kile chembamba cha mbele kabisa, kikaangukia juu ya kitanda cha Kidoti.

Kidoti alikuwa binti yao wa pekee, mwenye pengo la meno ya mbele na doa jeusi shavuni lililompa jina. Kwake yeye kulala ndani ya mashua ilikuwa bahati iliyozidi sikukuu zote. Mama yake alisema selotepu isiingie chumbani kwa mtoto. Alisema huku anacheka, basi wakachukulia amekubali.

Zoezi walilolipenda kuliko yote lilikuwa la mtu aliyeanguka baharini. Kwenye maji ya baridi, Mwalimu alieleza, muda wa kumwokoa ni mfupi sana, kwa hiyo kila mkono ujue kazi yake bila kuulizana. Mmoja anapiga ukelele, mmoja anageuza usukani, mmoja anarusha kamba na kuvuta. Watu wengine wakifanya zoezi hili hutupa boya au ndoo, iwe badala ya mtu. Hawa walirusha kamba mahali patupu. Boya halimfundishi mtu huruma, alisema Mwalimu. Mkimwona binadamu akilini mtavuta kwa moyo. Wakampa na jina, Mwenzetu, na kila Jumamosi wakawa wanaelekea nyuma ya kochi na kumwita kwa uchungu wa kweli: Mwenzetu, tunakuona, shika kamba, njoo kwetu. Nao walijivunia jinsi wanavyoita vizuri.

Hebu sasa fikiria uko mahali penye giza na baridi, hujaitwa na mtu tangu nani ajue lini, kisha unasikia hivyo.

Jumamosi moja Kinyozi alilala na homa, mikono ikapungua. Fundi Miwani alikuwa jikoni anaosha vyombo. Wakamwomba aje avute kamba, mara moja tu, tafadhali. Akaja na mikono yenye povu la sabuni. Akarusha kamba nyuma ya kochi, akaanza kuvuta, nayo ikakaza. Alidhani imenasa kwenye mguu wa kochi. Akavuta kwa nguvu, ikaachia kidogo, ikakaza tena, ikaja kidogo kidogo kama inavyokuja ndoo nzito kutoka kisimani, na ilipofika mwisho wake alijikuta anahema. Wenzake wakamsifu kwamba anaigiza kuliko wao. Na kwa kuwa zoezi lilikuwa na maneno yake, akayasema.

"Karibu, Mwenzetu. Umepona. Hatukuachi tena."

Mwalimu akaendelea na taratibu. Aliyeokolewa hupelekwa kitanda cha omo, mbali na upepo. Huvuliwa nguo za maji, hufunikwa blanketi, na mtu mwenye joto hulala ubavuni mwake, maana ndani ya mashua hakuna hita inayoshinda mwili wa binadamu. Nani atampa Mwenzetu joto? Kidoti akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akakimbilia chumbani, akapanda kitandani, akajifunika, akaacha nafasi upande wa ukutani. Watu wazima wakampigia makofi.

Kesho yake asubuhi ndipo kamba ilipookotwa imelowa.

Kilichofuata kilianza na miguu. Fundi Miwani alimvisha mtoto soksi za shule, akashtuka jinsi vidole vilivyokuwa vya baridi, akamfikicha, akamwongezea soksi za pili. Siku chache baadaye ilikuwa magoti. Akamhamishia hita chumbani, lakini hita ikawa inajizima, na Nahodha aliifungua akaifunga bila kuona ubovu. Shuka za mtoto ziliamka na unyevu upande wa ukutani. Mama alifikiri Kidoti ameanza kukojoa kitandani, akanusa, haukuwa mkojo. Ulikuwa unyevu unaokauka na kuacha unga mweupe, na ule unga ulikuwa na chumvi.

Alimpeleka kwa daktari. Daktari alimpima, akatikisa kipimo, akampima tena, akasema mtoto ana upungufu wa damu labda, ale vizuri, avae vizito. Kidoti mwenyewe hakulalamika. Alisema tu Mwenzetu bado hajapata joto, na kwamba siku hizi amejifunza kulala vizuri, hamkandamizi sana.

Hapo Fundi Miwani alimweleza mumewe, kwa sauti ya chini, jikoni, kwamba ile selotepu iondolewe. Nahodha aliona anatafutiwa sababu. Alisema mkewe tangu mwanzo hakuipenda safari, sasa anamtumia mtoto. Akasema nyumba nzima ina unyevu, ni msimu wake, na zimebaki siku za kuhesabu kabla hawajatweka tanga. Waligombana kwa kunong'ona mpaka chai ikapoa. Kisha walinyamaza wote wawili, kwa sababu kochi, ambalo hakuna aliyelikalia, lilikuwa limelia kule sebuleni, polepole, kama linavyolia mtu mzito anapojiegemeza.

Nahodha akasema ni mbao, zinajikaza na baridi.

Zoezi la mwisho lilikuwa la kula gizani. Mwalimu alitaka wazoee kupitishiana vikombe bila taa, kwa kuwa betri ya mashua si ya kuchezea. Msimu ule jua huzama watu hawajatoka hata kazini, kwa hiyo ilikuwa jioni tu, majirani wako macho, televisheni zao zinasikika ukutani. Wakazima taa, wakakaa sakafuni kila mmoja mahali pake ndani ya selotepu. Fundi Miwani alisimama mlangoni mwa jikoni, nje ya mstari, mikono kifuani, amekasirika.

Mwanzoni ilikuwa kicheko na kugongana viwiko. Kinyozi, aliyepona homa yake, alikuwa anasimulia habari za mteja fulani mwenye upara, na katikati ya kisa akakatiza, akauliza ni nani huyo anayemwegemea. Nahodha akajibu yuko kwenye usukani. Mwalimu akajibu yuko jikoni kwa mashua, mbali naye. Kinyozi akacheka kidogo, akasema basi, mzaha umetosha, una baridi wewe, na hakuna aliyecheka naye, kwa maana sasa wote walikuwa wanaisikia ile harufu ya sufu iliyolowa, na chini yake harufu nyingine, ya kitu kilichokaa muda mrefu mahali pasipo na hewa, na chini ya harufu hizo pumzi, si ya kuingia na kutoka kama yako na yangu, ni ya kumeza, kumeza, kisha kutulia, kama ya mtu ambaye kwa kila pumzi anakunywa maji na hawezi kuacha kunywa, na ile pumzi ikatoka pale alipokuwa Kinyozi ikapita katikati yao bila haraka, ikielekea mbele, omoni, kwenye mlango wa chumba ambako Kidoti alikuwa amelazwa mapema, na kutoka chumbani humo wote wanne wakasikia sauti ya mtoto aliyezoea, aliyechoka, ikisema, "Sogea basi. Umenibana ukutani."

Fundi Miwani aliwasha taa. Mgongo wa shati la Kinyozi ulikuwa umelowa kuanzia bega hadi kiunoni, umbo la kifua na mkono uliomzunguka, na shingoni pake alama za vidole zilikuwa zinapanda rangi. Alitaka kusema kitu. Akakohoa, akakohoa tena, akatema mate yenye mchanga kwenye kiganja chake. Aliondoka bila koti. Mwalimu, ambaye kila kitu kwake kilikuwa na maelezo, alisema huenda kuna bomba limepasuka chini ya sakafu, akavaa viatu vyake mguu wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, naye akaenda.

Nahodha ndiye aliyebaki na hasira, na hasira ya mtu mwenye hofu haina macho. Alipiga magoti chumbani kwa mtoto, akashika selotepu pale kwenye ncha ya omo, akaivuta kwa nguvu, ikachanika na kutoka. Kidoti aliketi kitandani. Macho yake yalitoka, mdomo ukafunguka, na badala ya ukelele yakamtoka maji, mengi, ya chumvi, yakamwagika kifuani na kwenye shuka, na akawa anapapasa hewani kama anayezama. Mama yake aliirudisha selotepu kwa mikono miwili, akaikandamiza sakafuni kwa viganja, kwa kucha, huku akilia, na mtoto akavuta pumzi.

Hata mkewe hakumlaumu. Kulaumiana kulikuwa kumeshapitwa na wakati. Nahodha alichukua simu, akampigia shangazi yake.

Shangazi alikuwa nesi mstaafu, na ukoo mzima ulijua kazi yake ya pili ingawa hawakuizungumzia mezani. Alifika kesho yake baada ya chakula cha mchana, mkoba begani, viatu vya kutembelea miguuni, mtu ungemdhania anakuja kumwona mzazi. Hakuleta ubani wala vitabu. Alizunguka nje ya selotepu bila kuikanyaga, akauliza maswali, na kila alipojibiwa uso wake ulizidi kuwa mgumu. Alitaka kujua hasa maneno waliyoyatumia. Alitaka kujua nani alivuta.

"Wengine huingia kwa kuvizia, hao tunawatoa," alimwambia Fundi Miwani, wamekaa jikoni, Kidoti kapakatwa ndani ya mablanketi. "Huyu wako aliitwa, akarushiwa kamba, akapewa kitanda na mtu wa kumtia joto. Mimi nitamwambia nini atoke? Ataniuliza mimi ni nani humu ndani."

Fundi Miwani aliuliza anataka nini.

"Joto, mwanangu. Anakunywa la mtoto, na halimtoshi, wala halitamtosha. Likiisha atabaki yeye."

Akaeleza. Mashua ikivunjwa naye yumo, inazama na wote waliomo, na Kidoti alikuwa amelala humo siku zote. Lazima atoke kwanza, kisha ndipo selotepu ing'olewe, yote, asiwe na pa kurudi. Na wa kumtoa ni yule yule aliyemvuta, kwa mikono ile ile, kumrudisha nyuma ya kochi alikotoka. Kila mtu mwingine awe nje ya nyumba. Fundi Miwani afumbe macho asiyafumbue, kwa sababu akimwona atamhurumia au ataogopa, na vyote viwili ni kumkaribisha upya. Atajifanya mzito, atajifanya mgonjwa, atatumia sauti asizostahili. Asimjibu.

"La mwisho ndilo kubwa," Shangazi alisema, na hapo alimshika mkono. "Ukiwa ndani ya huo mstari usimwite mtu. Yeyote. Humo mmeita mpaka pamekuwa mahali pa kuita, na anayeitwa huja."

Wakajipanga. Nahodha alimbeba Kidoti kupitia mlango wa jikoni hadi kwenye gari uani, akawasha injini ili mtoto apate hewa ya moto. Shangazi alisimama nje ya mlango wa mbele, mgongo kwenye mbao, aukinge. Ilikuwa mchana mweupe, ingawa ni mweupe wa msimu ule, wa mawingu. Mtaa wa pili mtu alikuwa anapiga misumari.

Fundi Miwani alifumba macho kwenye mstari wa tezi, akaingia. Alikuwa anaijua nyumba yake, hakujikwaa. Lakini sakafu aliyoikanyaga ilikuwa inayumba, kidogo tu, kushoto, kulia, na misumari ya mtaa wa pili haikusikika tena. Alifika kitandani kwa mtoto wake, akainama, akanyoosha mikono upande wa ukutani. Alikuwa amejiambia labda hatagusa kitu. Akagusa bega.

Lilikuwa baridi kiasi cha kuunguza. Akapitisha mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya magoti, kama unavyombeba mgonjwa, akainua, na uzito ulikuwa wa godoro lililonyeshewa, unatiririka, unamshuka mapajani na kuingia kwenye viatu. Hakikumpinga. Kiliweka kichwa chake chini ya kidevu chake, kikawa kinameza, kinameza. Alimchukia. Alikuwa hajawahi kumchukia kiumbe yeyote namna hiyo, na chuki ilimpa nguvu, hatua baada ya hatua, kutoka chumbani, kupita jiko la mashua, hadi goti lake lilipogusa kitambaa cha kochi.

"Mama," ikasema sauti chini ya kidevu chake. "Huko naogopa."

Alijua si yeye. Alijua, na alibana meno. Lakini hicho kitu kilikuwa kimelala na mtoto wake usiku mwingi, kimemsoma vizuri, kikajua jinsi anavyovuta kamasi kabla ya kulia, jinsi anavyosita, jinsi anavyotafuta sikio la mama yake kwa vidole na kulishika kwa nyuma. Kikalishika. Kikasema kina baridi, kikasema kitakuwa na adabu, kikauliza kimekosa nini, na mikono ya Fundi Miwani, iliyokuwa tayari imeinuka juu ya mgongo wa kochi, ikashuka, na kabla hajajua kuwa amefungua mdomo, pumzi yake ilikuwa imeshatoka na jina ndani yake.

"Kidoti."

Alinong'ona tu. Hata ndani ya chumba lingeweza kupotea.

Uzito ukamtoka mikononi. Ulikuwepo, mara haupo, na yeye amesimama anapapasa giza la macho yake, akijua ameharibu na asijue ameharibu kiasi gani. Akasikia nyayo ndogo kwenye vigae, zinakimbia. Kisha mikono ikamzunguka kiunoni. Safari hii ilikuwa mikavu. Ilikuwa na uvuguvugu, uvuguvugu wa mtu aliyekaa mbele ya hita, na nywele zilizomgusa tumboni zilinukia sabuni ya nyumbani. "Mama, umeniita," ikasema.

Naye Fundi Miwani, maskini, alijiona mjanja. Aliona wazi mchezo wake: baridi imeshindwa, sasa anajifanya wa moto. Shangazi alikuwa amemwambia atajaribu kila kitu. Hakujibu, hakufumbua macho. Akamwinua, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi sasa, na ule wepesi nao akauhesabu kuwa hila. Alipiga mateke, alishika nguo, ukucha ukamchana shingo. Fundi Miwani akamtoa kidole kimoja kimoja, akamvusha juu ya mgongo wa kochi, akamwachia.

Hakusikia kishindo cha sakafu. Alisikia maji yakifunguka, na maji yakijifunga.

Misumari ya mtaa wa pili ikaanza tena kusikika. Akafumbua macho na kuanza kung'oa selotepu, kwa haraka, kuanzia kitanda cha omo, ikamkata vidole, akaivingirisha kuwa donge kubwa la manjano, mpaka kipande cha mwisho cha tezi. Sebule ikawa sebule. Alijihisi mwepesi wa kuweza kuruka. Alifungua mlango wa mbele, Shangazi akageuka, akamtazama usoni kwa muda, akamuuliza kama ameita. Fundi Miwani alitikisa kichwa. Ule ulikuwa mnong'ono, alijiambia, mnong'ono hauwezi kuwa wito.

Walizunguka nyumba pamoja hadi uani. Nahodha alikuwa ameshatoka garini, amembeba Kidoti begani, amelala. Fundi Miwani alimkimbilia, akambusu mtoto kisogoni, akakaa ameegemeza paji la uso wake hapo, analia kwa furaha, na mumewe akampapasa mgongo.

"Nilipata wasiwasi ulipomwita," Nahodha alisema. "Nilikusikia mpaka huku, kama umesimama hapo dirishani. Akashuka mbio kabla sijamshika. Ila hakukawia, karudi sasa hivi tu."

Shangazi aliweka mkoba wake chini.

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Pumzi ya Nahodha ilitoka kama moshi alipokuwa anaongea. Ya Shangazi ilionekana pia, fupi fupi, na ya Fundi Miwani mwenyewe ilikuwa inamfunika macho. Alirudi nyuma hatua moja ili aone vizuri. Kidoti alikuwa amelala mdomo wazi, na pengo lake, na doa lake shavuni, kifua kinapanda na kushuka, na mbele ya mdomo ule hewa ilikuwa safi, haina kitu.

Aliingia ndani mbio, akalisukuma kochi likagonga ukuta wa pili. Nyuma yake palikuwa na vumbi, kavu, na kalamu. Alipiga magoti, akaparuza vigae kwa vidole vinavyotoka damu, akalitafuta lile donge la selotepu, akajaribu kulifungua, likagandamana. Akaegemeza uso wake sakafuni, akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo, sauti ya mtu ambaye saa ile angetoa hata roho yake ili amrudishe mtoto.

"Kidoti."

Kutoka uani, begani kwa baba yake, sauti ndogo iliyotoka usingizini ikaitika vizuri, kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Abee, mama."